Nafasi Bila Kauli: Mwigizaji wa Afrika Mashariki katika Filamu za Marekani

Katika soko la Migwani, kwenye barabara itokayo Kitui kupitia Kabati kuelekea Mwingi, jina Mutia halimshangazi mtu. Ni jina la mwalimu, la mwenye duka, la kijana wa bodaboda. Jina hilo hilo limo katika orodha ya waigizaji wa filamu ya Trader Horn, iliyoongozwa na W. S. Van Dyke na kutolewa na kampuni ya MGM ya Marekani mwaka 1931: Mutia Omoolu, katika nafasi ya Rencharo, mchukuzi wa bunduki wa mfanyabiashara Mzungu. Nusu ya pili ya jina haina sura ya Kikamba, na huenda karani wa studio aliiandika kama alivyoisikia. Nusu ya kwanza haihitaji mkalimani popote baina ya Kibwezi na Migwani.

Mazingira ya filamu hiyo yanastahili kuelezwa, kwani ndani yake mna mbegu ya karibu yote yaliyofuata. Kitabu ilimotoka, kilichochapishwa mwaka 1927, ni kumbukumbu za Alfred Aloysius Horn zilizoandikwa kwa msaada wa Ethelreda Lewis, mwandishi wa Afrika Kusini, na mandhari yake ni mto Ogowe katika nchi ambayo leo ni Gabon. Wapiga picha hawakwenda Gabon. Walikuja Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, kwa kuwa huku ndiko kulikokuwa na makundi ya wanyama na utaratibu uliokwisha kuzoeleka wa safari za uwindaji. Mtu wa mashariki ya bara akasimamishwa badala ya mtu wa magharibi yake, wala haikuonekana kuwa pana la kuuliza. Sinema ya sauti ilikuwa changa. Mitambo ya kunasia sauti ililetwa hadi porini, na hata hivyo maonyesho mengi ilibidi yarudiwe California, ambako Mutia alisafirishwa. Mtazamaji humwona Rencharo akitii, akibeba bunduki, na mwishowe akifa kwa kumkinga bwana wake. Filamu ilipendekezwa kwa tuzo ya Oscar ya filamu bora ya mwaka wake.

Miaka zaidi ya themanini baadaye, tarehe 2 Machi 2014, Lupita Nyong'o alipewa tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike kwa nafasi ya Patsey, mtumwa wa shamba la pamba la Louisiana, katika filamu ya 12 Years a Slave. Kenya ilishangilia, na ilikuwa na haki ya kushangilia. Lakini tangu siku hiyo umezuka mtindo wa uhakiki ambao unaweza kuitwa uhakiki wa hesabu. Huu hukusanya majina. Huuliza ni Wakenya wangapi, Waganda wangapi, Watanzania wangapi wamepata nafasi katika filamu za Marekani, na kila jina jipya huliongeza kwenye ubao kama mabao ya mpira. Ulianzia magazetini, ambako hauna madhara makubwa. Umeingia sasa katika mijadala ya vyuo vikuu, na hapo ndipo penye haja ya kuukabili, maana mwanafunzi wa fasihi anayefundishwa kuhesabu waigizaji hafundishwi kusikiliza wanachosema.

Dai la makala haya ni kwamba nafasi na kauli ni vitu viwili, na kwamba mwigizaji wa Afrika Mashariki katika filamu za Marekani amepewa cha kwanza kwa miongo tisa bila ya kupewa cha pili. Neno kauli linatumika hapa kwa maana zake zote mbili. Ni usemi, lugha iliyo kinywani mwa mhusika. Ni pia kauli ya wanasarufi, ile inayoonyesha nani anatenda na nani anatendwa. Rencharo ana nafasi pana kupita wahusika wengi wa filamu yake, lakini kisarufi hakutoka katika kauli ya kutendwa: anaitwa, anatumwa, anafiwa na bwana mwenye machozi ya dakika moja.

Wahesabu watajibu kwamba hayo ni mambo ya enzi za ukoloni. Basi na itazamwe orodha. Mwaka 1957 MGM ilileta Something of Value, filamu iliyopigwa picha Kenya wakati vita vya Mau Mau vikiwa bado havijapoa. Kimani, kijana wa Kikuyu, aliigizwa na Sidney Poitier, Mmarekani mwenye asili ya Bahamas. Mwaka 1985 ikaja Out of Africa ya Sydney Pollack, iliyotwaa tuzo saba za Oscar. Farah, Msomali aliyekuwa mkono wa kuume wa mwenye shamba la Ngong, aliigizwa na Malick Bowens, mzaliwa wa Mali. Mwaka 1996 The Ghost and the Darkness, hadithi ya simba wa Tsavo, ilimpa nafasi kubwa ya Mwafrika John Kani wa Afrika Kusini. Upande wa pili wa mizani, Edi Gathegi, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1979 na kulelewa California, alijulikana mwaka 2008 kwa kuigiza mnyonya damu mwenye asili ya Ufaransa katika Twilight, na mwaka 2025 akawa Mister Terrific katika Superman. Mkenya, kwa ufupi, aweza kuwa mtu yeyote katika filamu za Marekani isipokuwa Mkenya, na Mkenya aweza kuigizwa na mtu yeyote.

Hilo peke yake si kosa, na makala haya hayana nia ya kudai hati ya kuzaliwa kwa kila mwigizaji. Uigizaji ni kuvaa ngozi ya mwingine. Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu, na kwa miaka mingi katika kipindi cha Vitimbi alikuwa Mzee Ojwang', Mjaluo ambaye Wajaluo wenyewe walimcheka na kumpenda. Kilichowezesha hayo ni kwamba watazamaji walikijua Kiswahili cha Mjaluo, wakijua pale kilipotiwa chumvi na pale kilipopotoshwa; mwigizaji alikuwa mbele ya mahakama yenye masikio. Poitier, Bowens na Kani hawakuwa mbele ya mahakama hiyo. Waliigiza mbele ya masikio ambayo kwayo Kikuyu, Kisomali na Kikamba ni mngurumo mmoja unaotoka nyuma ya migunga. Swali la uhakiki, basi, si damu ya mwigizaji. Ni masikio ambayo mswada wa filamu umeyaandikia.

The Ghost and the Darkness inafaa kutazamwa kwa utulivu zaidi, kwanza kwa sababu ya mahali. Barabara inayopita Migwani, ukiifuata kusini kupitia Kitui na Mutomo, hukufikisha Kibwezi kwenye njia ya reli. Na kutoka Kibwezi, ukipita Mtito Andei, hufika daraja la Tsavo, ambako mwaka 1898 simba wawili waliwaua wafanyakazi wa reli hadi kazi ikasimama. J. H. Patterson, mhandisi aliyewaua simba hao, alichapisha kitabu chake mwaka 1907. Simba wenyewe, madume yasiyo na manyoya ya shingoni kama walivyo wengi wa Tsavo, wamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Field huko Chicago. Hollywood iliwahi kuwatumia mwaka 1952 katika Bwana Devil. Ilipowarudia mwaka 1996, kwa mswada wa William Goldman, picha zilipigwa Afrika Kusini na simba wakapewa manyoya ya shingoni, kwa kuwa mtazamaji wa Marekani anataka simba mwenye sura ya simba. Mtazamaji huyo huyo anataka Mwafrika mwenye sura ya Mwafrika, na kwa hilo Afrika Kusini ilitoa pia waigizaji: John Kani akawa Samuel, na Henry Cele, aliyekuwa amejulikana kwa kuigiza Shaka, akawa Mahina, ambaye huraruliwa mapema.

Mtetezi wa filamu hii atasema kwamba Samuel ndiye msimulizi. Ni kweli, na ni hoja nzito kuliko zote zinazoweza kuletwa dhidi ya makala haya. Sauti inayofungua hadithi ni ya Mwafrika, na ndiyo inayoifunga. Je, kauli yaweza kuzidi hapo? Lakini mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza aliyefundishwa usimulizi hujua kwamba anayesema na anayeona si lazima wawe mtu mmoja. Samuel anasema; anayeona ni Patterson. Jicho la hadithi humfuata mhandisi hemani, darajani, katika ndoto zake kuhusu mke na mtoto. Samuel hana mke anayeonekana, hana kijiji, hana usiku wake mwenyewe. Hofu ya simba, ambayo ilikuwa hofu ya watu waliokuwa wakilala katika mahema na vibanda vya matawi, yeye huisimulia kama sifa ya ushujaa wa mwingine. Amepewa kinywa ili atoe ushahidi wa tabia njema kwa niaba ya mshtakiwa ambaye hakuna aliyemshtaki. Na anautoa kwa Kiingereza, kwa hadhira isiyokuwako Tsavo.

Hadithi ya reli hiyo hiyo ilikuwa na msimulizi wake Ukambani kabla Patterson hajazaliwa. Mapokeo ya Wakamba yanamtaja Syokimau, mwanamke mtabiri aliyesema kwamba litakuja joka refu kutoka upande wa bahari, pamoja na watu wanaobeba moto katika mifuko yao. Tangu mwaka 2012 kuna stesheni ya gari moshi yenye jina lake nje ya Nairobi, nayo ni heshima ya namna yake. Filamu kuhusu reli inayomwacha nje mtabiri wa reli, ikamweka badala yake mhusika wa kubuni, mwindaji wa Kimarekani aitwaye Remington, imekwisha kufanya uamuzi wa kifasihi, na uamuzi huo ndio unaopaswa kuhakikiwa. Kumpa Mkamba halisi nafasi ya Samuel kusingeubadilisha hata chembe.

Kiswahili chenyewe kimepata nafasi pana Hollywood kuliko wasemaji wake. The Lion King ya mwaka 1994 ina Simba, Rafiki na Pumbaa, na fisi aitwaye Shenzi, aliyepewa sauti na Whoopi Goldberg. Wanaofurahia kusikia Kiswahili humo wangetua kidogo kwenye jina hilo la mwisho. Mshenzi lilikuwa neno la waungwana wa pwani kwa watu wa bara, Wakamba wakiwa miongoni mwao, kisha likawa tusi la bwana shamba wa Kizungu kwa kibarua wake. Sasa ni jina la mnyama mla mizoga katika hadithi ya watoto wa dunia nzima. Hakuna matata, msemo uliosambazwa na wimbo wa Them Mushrooms wa mwaka 1982, ulisajiliwa na Disney nchini Marekani mwaka 2003 kuwa alama yake ya biashara kwa mavazi, jambo lililozusha malalamiko makubwa mwaka 2018. Filamu ilipotengenezwa upya mwaka 2019, Shenzi alipewa sauti na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala aliyekulia Ujerumani. Kwa uhakiki wa hesabu, hilo ni bao la Afrika Mashariki.

Hata pale ambapo mwigizaji, mhusika na mahali ni vya Afrika Mashariki kwa pamoja, jambo halibadiliki sana. Queen of Katwe ya mwaka 2016, kazi ya Mira Nair kwa Disney, ni filamu ya heshima, na binti wa Kampala, Madina Nalwanga, anaigiza vizuri akiwa Phiona Mutesi, mcheza sataranji wa mtaa wa Katwe. Lupita Nyong'o ni mama yake. Lakini ndani ya kibanda cha Katwe mama humkemea mtoto kwa Kiingereza chenye lafudhi. Luganda imebaki kuwa lafudhi tu, kama mchuzi ulioondolewa nyama ikabaki harufu.

Je, haiwezekani kuwa vinginevyo? Inawezekana, na mfano uliopo unamhusu John Kani mwenyewe. Alipoitwa kuigiza Mfalme T'Chaka katika Captain America: Civil War ya mwaka 2016, ni yeye aliyependekeza kwamba baba na mwana wazungumze kwa isiXhosa. Pendekezo lilikubaliwa, na Black Panther ya mwaka 2018 ikaifanya isiXhosa kuwa lugha ya Wakanda, hata Mkenya Lupita Nyong'o akalazimika kujifunza mistari ya isiXhosa. Miaka ishirini ilikuwa imepita tangu Samuel wa Tsavo. Hollywood haikuwa imeokoka. Kani alikuwa na kitu cha kuwekea mgongo: jukwaa la Afrika Kusini, michezo aliyoitunga pamoja na Athol Fugard na Winston Ntshona tangu mwaka 1972, tuzo ya Tony ya mwaka 1975. Wahispania wana kisa kinachofanana. Antonio Banderas alifika Marekani akiwa na Kiingereza haba, akakariri sauti za mistari yake ili aigize Mkuba katika The Mambo Kings ya mwaka 1992. Nyuma yake, hata hivyo, palikuwa na filamu za Pedro Almodóvar kwa Kihispania. Penélope Cruz, aliyetuzwa Oscar mwaka 2009 kwa Vicky Cristina Barcelona, anagombana na Javier Bardem humo kwa Kihispania, na mtazamaji wa Marekani husoma maandishi chini ya picha kwa adabu. Lugha huingia kwa wageni ikiwa imeshiba nyumbani.

Swali basi ni nyumba ya Kiswahili iko wapi katika sanaa hii, na jibu litawaudhi baadhi ya wasomaji wa jarida hili. Kwa muda mrefu ilikuwa katika kumbi za video za masoko ya aina ya Migwani: chumba chenye mabenchi, runinga moja, na sauti ya msimulizi juu ya sauti ya filamu. DJ Afro nchini Kenya, Lufufu nchini Tanzania, pamoja na wenzao wa Uganda wanaosimulia kwa Luganda, huchukua filamu ya mapigano ya Marekani au ya China na kuisema upya. Huwapa wahusika majina na matani ya hapa, hueleza dhamiri zao, huwasuta na kuwaonya, na huiacha mistari ya Kiingereza ikipita chini kama mto usio na daraja. Kazi yao mara nyingi haina kibali cha mwenye filamu. Lugha yake huweza kuwa ya mitaani mno, na matani yake kuhusu wanawake aghalabu hayatetewi na yeyote mwenye haya. Hata hivyo wamefanya kile ambacho hakuna Mkenya aliyekifanya Hollywood: wamechukua kauli wakaacha nafasi. Mwigizaji ni Mmarekani, msimulizi ni mtu wa hapa, na jicho la hadithi limehamia kwake. Ni Samuel aliyepinduliwa. Msomi anayewadharau hawa huku akikesha kusubiri majina ya walioteuliwa kwa Oscar ameshika darubini kwa upande usio wake.

Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, ya mwaka 2012, filamu ya kwanza ambayo Kenya iliiwasilisha kwa ajili ya tuzo ya Oscar ya lugha za kigeni, ilitambua jambo hili kabla ya wahakiki. Mwas, anayeigizwa na Joseph Wairimu, ni kijana wa kijijini anayeuza filamu za Marekani kwa kuziigiza barabarani mbele ya wanunuzi, akikoroma na kurusha mikuki isiyokuwepo. Anazifahamu kwa mwili wake wote. Filamu inayomhusu, lakini, ni ya Kiswahili na Sheng, na ndiyo maana mwigo wake unachekesha na kuhuzunisha kwa wakati mmoja: mtazamaji husikia lugha mbili zikivutana ndani ya koo moja. Hapo pana kazi ya kutosha kwa semina ya muhula mzima, kuhusu mwigo, usimulizi ndani ya usimulizi, na rejista. Mihtasari ya Kiswahili huorodhesha riwaya, tamthilia, ushairi na hadithi fupi. Mswada wa filamu, ukitajwa, hutajwa kama kitu cha wenzetu wa mawasiliano. Kisha idara zizo hizo hushangaa kwa nini mtoto wa Mwingi anayeandika vizuri hana anakoandikia.

Uhakiki wa Kiswahili una vifaa vyote unavyohitaji kwa shughuli hii. Uliwahi kubishana miaka na miaka juu ya mizani na vina, kwa ukali ambao leo unatia wivu. Ukali huo ungefaa kuelekezwa kwenye mistari wanayopewa waigizaji: nani aliiandika, kwa sikio la nani, na mhusika anatenda au anatendwa. Pa kuanzia papo. Trader Horn ingali inatazamika. Mutia anatamka maneno humo, mbele ya mitambo iliyobebwa kwa taabu hadi porini kwa ajili ya sauti. Mwanafunzi mmoja wa uzamili anayejua Kikamba na Kiswahili, akikaa nayo alasiri moja pamoja na mzee wa Migwani mwenye masikio mazima, angeweza kuandika kila anachokisema Rencharo, kwa lugha gani, na kama mwongozaji alikuwa na habari ya maana yake.